Ovari, Staili na Ndevu za Mahindi: Uhakiki wa Istilahi za Sehemu za Kike za Ua

Mtu anayepitia kazi za wafasiri hukutana mara kwa mara na sentensi iliyonyooka kisarufi, ambayo hata hivyo haimwambii msomaji jambo lolote. Sentensi ya namna hiyo niliikuta katika rasimu ya mwongozo wa wakulima wa vanila. Mkulima aliagizwa aipeleke chavua "kwenye stigma iliyo juu ya mtindo, bila kuumiza ovari". Mfasiri hakuwa mvivu wala mjinga. Alifungua kamusi, akakuta kwamba neno analolitafuta lina maana ya mtindo, akaliandika. Makosa yake yalianza kabla yake, katika orodha zetu za istilahi.

Tufikirie hali ya msomaji wa mwongozo ule. Ua la vanila hufunguka alfajiri na kuanza kunyauka kabla ya siku kwisha. Ndani yake, baina ya chavua na mahali pa kuipokea, pana kijiulimi chembamba kinachozikinga pande hizo mbili zisikutane. Mwaka 1841 Edmond Albius, kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Bourbon ambacho leo huitwa Réunion, alionyesha namna ya kukiinua kijiulimi hicho kwa kijiti na kuzibana pande mbili kwa kidole gumba. Njia yake ndiyo itumikayo mpaka leo, Madagaska na Komoro, Uganda na Kagera. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja kwa kila ua. Asiyeelewa agizo saa mbili hana jioni ya kuuliza. Tena hiyo ovari anayoambiwa asiiumize, yeye huiona kuwa ni kikonyo, kwa kuwa katika vanila ovari imekaa nyuma ya ua, nyembamba na ya kijani. Uchavushaji ukifaulu, hicho anachokiita kikonyo hurefuka na kuwa ganda la vanila, ambalo huvunwa baada ya miezi kama tisa. Usipofaulu, ua hudondoka pamoja nacho.

Makala haya yananuia kuzihakiki istilahi za Kiswahili za sehemu za kike za ua, kuonyesha zipi zinafaa kubaki na zipi zinapotosha, na kutoa mapendekezo machache. Hoja yetu ni kwamba istilahi za sehemu hizi hazina budi kupimwa kwa swali moja: je, zinamwezesha mtumiaji kuifuata sehemu inayotajwa mpaka kile inachokuwa baadaye? Ovari ya ua haikai kama ilivyo. Ovari huwa tunda, na ovuli zilizomo ndani yake huwa mbegu. Anayejifunza majina bila kuuona mwendo huo amejifunza sauti tupu.

Istilahi zilizopo

Seti inayosikika zaidi madarasani ni pistili, kapeli, stigma, staili, ovari na ovuli. Zote zimepatikana kwa njia ya utohozi. Utohozi peke yake si aibu. Lugha yetu imetohoa kalamu, hesabu, shule na skrubu, na hakuna mtu anayeona ugeni ndani yake leo. Tena ipo hoja ya walimu ambayo haifai kupuuzwa. Katika Tanzania mwanafunzi husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha akifika sekondari huikuta sayansi ile ile kwa Kiingereza. Neno lililotoholewa humsindikiza avuke. Anayelidharau jambo hilo hajasimama mbele ya darasa la kwanza la sekondari.

Pamoja na hayo, si kila neno lililotoholewa lina uzito mmoja. Ovari na ovuli hazikukuta maneno mengine ya Kiswahili yenye sauti kama hizo, kwa hiyo zilipata nafasi bila kumsukuma mtu. Staili haikuwa na bahati hiyo. Neno staili limo midomoni mwa watu kwa maana nyingine kabisa: staili ya nywele, staili ya kucheza, staili ya kushona nguo. Mtoto anapoambiwa kwamba ua lina staili, hufikiri anaelezwa jinsi ua lilivyojipamba. Na mfasiri aliye makini zaidi, akitaka kukwepa neno la mtaani, huliandika kwa Kiswahili kinachodhaniwa kuwa safi, likawa mtindo. Hapo kosa limevikwa kanzu.

Stigma ina kasoro ya namna nyingine. Haizai. Tulinganishe na neno chavua, ambalo kwa maoni yetu ni moja kati ya mafanikio makubwa ya istilahi zetu za elimu ya viumbe. Kutokana na chavua tumepata chavusha, chavushwa, uchavushaji na mchavushaji, na yote yanaeleweka mara yasikiwapo. Kutokana na stigma hatukupata kitu. Isitoshe, neno lenyewe halimdokezei msikilizaji kwamba hapo ndipo chavua inapopokewa, ambalo ndilo jambo pekee linalomhusu mkulima.

Kuhusu pistili na kapeli, tatizo ni la fasili. Orodha nyingi huyaweka maneno hayo sambamba na ya Kiingereza na kuishia hapo, na walimu wengi huyatumia kama kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kapeli ni kipande kimoja cha umbo la kike; pistili ni umbo zima linaloonekana, liwe limeundwa na kapeli moja au na kapeli kadhaa zilizoungana. Chungwa ni mfano ulio karibu. Ua la mchungwa lina pistili moja, lakini kila kipande tunachokibandua tunapokula chungwa kilikuwa kapeli. Nazi nayo hutufundisha jambo hilo hilo. Macho matatu ya kifuu ni alama ya kapeli tatu za ua, ingawa kwa kawaida ni moja tu kati ya hizo inayotoa mbegu, na chipukizi hupitia jicho moja. Mwalimu mwenye chungwa na kifuu mezani hahitaji mchoro wa kuagiza kutoka mbali; anahitaji fasili iliyoandikwa sawasawa.

Maneno hayo kwao yalikuwa nini?

Yafaa tukumbuke kwamba maneno hayo, ambayo kwetu yana haiba ya maabara, kwao yalikuwa maneno ya nyumbani. Pistili hutokana na neno la Kilatini la mchi wa kutwangia, kwa sababu umbo lenyewe, nene chini na jembamba juu, liliwakumbusha watu mchi uliosimamishwa katika kinu. Staili hutokana na kijiti kilichochongoka cha kuandikia juu ya nta. Stigma ni neno la Kigiriki la alama iachwayo na kitu kilichochoma. Kapeli asili yake ni neno la Kigiriki la tunda. Na jina ambalo wataalamu huziita sehemu zote za kike kwa pamoja lilikuwa jina la upande wa nyumba waliokaa wanawake wa Kigiriki. Waliounda istilahi hizo walitazama jikoni, mezani na ndani ya nyumba zao, wakapata walichokitaka. Sisi tulizichukua sauti, tukauacha mchi jikoni.

Hatusemi hayo ili kushauri kwamba pistili sasa iitwe mchi. Neno likishazoeleka kwa maana ya kitaalamu halihitaji kuburuta picha yake ya zamani. Tunalosema ni kwamba neno la kutohoa huingia katika lugha likiwa limepoteza msaada ambao lilimpa mwenyeji wake, na kwa hiyo kazi yote ya kueleza huiangukia fasili. Orodha ya istilahi isiyo na fasili inaweza kuvumilika pale ambapo maneno yanajieleza. Pale ambapo maneno yametoholewa, orodha hiyo ni nusu ya kazi tu.

Hatari ya kifuko cha mayai

Wapo wanaotaka kukimbia utohozi kwa kuandika kifuko cha mayai badala ya ovari. Nia yao ni njema, na kwa wanyama jina hilo lina haki yake. Kwa ua, jina hilo huleta madhara kuliko neno la kigeni, nasi tutaeleza sababu.

Ovari ya ua haikubeba mayai. Imebeba ovuli, na ovuli si yai. Ovuli ni umbo lenye ngozi yake na tishu zake, na ndani yake kabisa, mahali pasipoonekana bila ya hadubini, pana seli moja ambayo kweli ni yai. Mfasiri aliyekwisha kuiita ovuli yai, atakapofika kwenye seli hiyo ataiitaje? Ama atasema yai lililo ndani ya yai, ama ataliruka jambo lenyewe. Tumewahi kuona yote mawili.

Jambo hilo si la kuchezea, kwa sababu sehemu kubwa ya chakula chetu imetokana na tofauti hiyo. Mwaka 1898 Mrusi Sergei Navashin alieleza kwamba katika mimea itoayo maua, mbegu za kiume mbili huingia ndani ya ovuli. Moja huungana na yai na kufanya kiinitete. Ya pili huungana na sehemu nyingine ya ovuli, na kutokana na muungano huo hupatikana akiba ya chakula cha mbegu. Unga wa sembe karibu wote ni akiba hiyo. Nyama nyeupe ya nazi ni hiyo hiyo, na maji ya dafu pia. Kwa hiyo tui tunalopikia wali halikutoka katika yai hata kidogo. Kitabu kinachosema kwamba mayai ya ua huwa mbegu kimemfungia mwanafunzi mlango wa kulielewa tui, jambo ambalo amelila tangu utotoni.

Jicho la mkulima limefika wapi?

Tukirudi kwa wasemaji wenyewe, tunaona kwamba Kiswahili hakikusubiri kamati ili kizitazame sehemu za kike za mimea. Kilizitaja moja moja, kwa kadiri ya haja, katika kila zao.

Tuanze na mahindi. Nyuzi laini zitokazo kwenye ncha ya hindi changa wakulima wengi huziita ndevu. Kila udevu mmoja ni shingo ndefu na mahali pa kupokea chavua kwa pamoja, nao umeungana na ovari moja, ambayo itakuwa punje moja. Udevu usipoipata chavua, mahali pa punje hiyo pataonekana pengo katika gunzi. Mkulima anayeona gunzi lenye mapengo anaona hesabu ya ndevu zilizokosa. Kichekesho ni kwamba sehemu hiyo ya kike imepewa jina la kiume kuliko yote, na mwalimu anayesema kwamba ndevu ndizo za kike na kishada cha juu ndicho cha kiume atasababisha kicheko darasani. Acha wacheke; hawatalisahau somo. Mjerumani Rudolf Jakob Camerarius, aliyeandika mwaka 1694 kwamba mimea ina jinsia, alikuwa na mahindi miongoni mwa mimea aliyoijaribu: alizikata ndevu mapema, na punje hazikupatikana.

Tufike Unguja na Pemba. Karafuu ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Kichwa cha mviringo ni petali zilizojikunja, na ile shina yake nene ndiyo iliyoificha ovari kwa ndani, upande wa juu. Wachumaji wana jina la karafuu na jina la makonyo, na hawavichanganyi, kwa kuwa bei zake si moja. Jikoni tunayo zafarani, ambayo si kitu kingine ila ncha tatu nyekundu za kupokea chavua kutoka ua dogo la zambarau. Kilo moja huhitaji maua zaidi ya laki moja. Wafanyabiashara wa pwani waliijua stigma kwa jina la zafarani kabla ya mwalimu yeyote kuichora ubaoni.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni mnazi. Mnazi hutoa upunga, upunga ukatoa vidaka, kidaka kikawa kitale, kitale kikawa dafu, dafu likawa koroma, koroma ikawa nazi. Huo ni mwendo wa ovari moja tangu ua mpaka tunda lililokomaa, uliogawanywa hatua kwa hatua na watu waliokuwa na sababu ya kuzitofautisha. Ni vigumu kupata lugha iliyofanya kazi hiyo kwa ukamilifu zaidi.

Kwa upande mwingine, jicho la mkulima lina mpaka wake, nasi tuukubali. Kwa mla ndizi, vidoa vyeusi vya katikati ya ndizi havina jina linalomwambia kwamba hizo ni ovuli ambazo hazikupata kuwa mbegu, kwani ovari za migomba tunayoilima hunenepa bila ya kuchavushwa. Mvunaji wa korosho huliita bibo tunda, ilhali bibo ni kikonyo kilichovimba, na kilichotokana na ovari ni korosho yenyewe pamoja na ganda lake. Tunda la sokoni na tunda la elimu ya mimea si kitu kimoja, na istilahi haina budi kusema hivyo waziwazi, bila kumdharau wa sokoni.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza kanuni ifuatayo: pale ambapo jicho la mkulima limefika na jina lipo, jina hilo litumike katika fasili na katika mifano, pale ambapo ni hadubini tu iliyofika, tutohoe bila haya, lakini tufasili.

Kwa hiyo ovari na ovuli zibaki. Yai litumike kwa ile seli moja tu iliyo ndani ya ovuli, na kifuko cha mayai kisitumike kwa mimea. Kapeli na pistili zibaki zote mbili, kila moja na fasili yake, na mfano wa chungwa uandikwe kando yake.

Staili na mtindo viachwe. Badala yake tunapendekeza shingo, au kwa ukamilifu, shingo ya ovari. Neno hilo ni fupi, halina mgongano, na linaonyesha sehemu iliyo baina ya kiwiliwili na kichwa. Mwenzetu mmoja alipinga kwamba udevu wa hindi ni mrefu mno kuitwa shingo. Tulimjibu kwamba ya twiga nayo ni shingo.

Badala ya stigma tunapendekeza kipokea chavua, kwa mfano wa kipaza sauti na kipima joto, maneno ambayo wananchi waliyapokea bila kusukumwa. Ni refu kuliko stigma, na hilo ni doa. Lakini agizo la mwongozo wa vanila lingesomeka hivi: "Inua kijiulimi kwa kijiti, kisha bana chavua mpaka iguse kipokea chavua. Usikivunje kikonyo kilicho nyuma ya ua. Hicho ndicho ovari, nacho ndicho kitakachokuwa ganda." Mkulima akisoma hivyo saa mbili asubuhi anaweza kuifanya kazi. Neno stigma lisifutwe vitabuni. Liandikwe mara moja katika fasili, ili liendelee kumsindikiza mwanafunzi anayekwenda sekondari.

Tulishawishika kupendekeza kidaka kiwe jina la ovari ya kila ua. Tumelirudisha pendekezo hilo wenyewe. Kidaka ni tunda la mnazi lililokwisha kuanza, si ovari inayosubiri chavua. Na wenye minazi wana haki ya kuachiwa neno lao lenye mpaka wake halisi. Kulipanua neno kwa kuliharibu ni kulipa deni moja kwa kukopa jingine.

Yamebaki mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyamaliza. Majina ya mazao hutofautiana toka pwani mpaka bara, na huenda zipo sehemu ambako udevu wa hindi, ua la mgomba au kijiulimi cha vanila vina majina yaliyo bora kuliko haya tuliyoyataja. Walimu, mabwana shamba na wafasiri wanaoyajua wayaandike, pamoja na mahali yanapotumika na kitu hasa yanachokitaja, wayalete tuyapime. Mwongozo wa vanila bado ni rasimu, na msimu wa maua hautusubiri.